Kompyuta Husikia Mzunguko, Si Mwanzo Wake
Katika mzunguko mmoja wa ngoma unaojulikana Afrika ya Kati, wenye hatua 12 sawa, vijiti hutoa milio 7 kwa nafasi 2-2-1-2-2-2-1. Kompyuta huutambuaje? Huisogeza nakala ya rekodi hatua kwa hatua juu ya rekodi yenyewe. Milio yote inapolingana tena, urefu umepatikana. Kwa tintal ya India Kaskazini hupata 16. Lakini ukianzia mlio wa pili, mpangilio huwa 2-1-2-2-2-1-2, na jumla bado ni 12. Mwanzo huujua mchezaji. Tunapochambua Kiluba tunatia alama za toni; tunaporekodi ngoma hapa Manika, tutie pia alama pale mguu unapokanyaga.