Batri mupya, taa za tablo zinawaka: mbele ya kulipa, soma hii

Kuna kitu chenye kinakula franka za vijana wengi wenye wameingia mu kazi ya taksi kisha kumaliza masomo. Wanabadilisha batri, tablo inawaka taa za kila rangi, na pale pale mtu anawaambia: « Kompyuta imeharibika. »

Mwenzetu moja, alisoma ekonomia, alitafuta kazi mpaka akachoka. Akapokea likelemba yake, mama yake mdogo akamukopesha kiasi chenye kilibakia, akanunua RAV4 ya usukani wa kuume, zile za Japani zenye zinapitia Dar es Salaam ao Mombasa mbele ya kufika kwetu Bukavu. Asubuhi moja ikakataa kuwaka. Akanunua batri mupya, wakaifunga, moteri ikanguruma vizuri. Lakini kwa tablo zikabakia taa mbili: ile ya VSC ya manjano, na ile nyekundu yenye picha ya batri, yenye ilikuwa inawaka kidogo-kidogo. Fundi akamuomba dola 80 za « kuprogramu kalkilateri ». Njo akaniita.

Tuanze na sababu. Gari ya leo iko na kompyuta mingi ndani: ya moteri, ya freni, ya usukani, ya erbagi. Mambo mengine zinayachunga hata bila umeme. Mengine zinayachunga juu tu batri iko pale: usukani ukiwa wima uko fasi gani, hewa kiasi gani inapita wakati moteri iko inazunguka polepole, kioo cha mlango kinafika mwisho wapi. Ukitoa batri, zinasahau. Na kuna jambo lingine lenye watu hawaliwazi: batri ya zamani, mbele ya kufa, ilikuwa inatoa umeme mdogo sana kila mara unatia kontakti. Kompyuta ziliona ule umeme umeshuka, zikaandika kosa. Kwa hiyo taa ingine unayoiona leo inaweza kuwa habari ya juzi tu.

Mbele ya kila kitu, angalia vichwa vya batri. Kichwa chenye hakikufungwa vizuri, ao chenye kiko na ule unga mweupe-kijani, kinatosha kuwasha nusu ya tablo. Kishike na mkono, moteri ikiwa imezimwa: kikicheza, umepata mgonjwa wako. Kumbuka pia: ya kutoa kwanza ni minus, na ya kurudisha mwisho ni minus. Juu ya nini? Juu bodi yote ya gari imeungwa na minus. Ufunguo wako ukigusa bodi wakati unafungua plus na minus bado iko pale, moto utaruka. Na ukinunua batri za aina ya Japani, soma ile namba, mfano 55D23L. Ile 23 ni urefu karibu sentimeta 23, na L ao R ya mwisho inaonyesha plus iko upande gani. Kuna watu wamekamata R pahali pa L, wakavuta waya kwa nguvu, wakageuza plus na minus. Pale siyo taa tena, ni fiuzi kubwa na alternateri vyenye vinaungua.

Sasa taa zenyewe. Ile ya VSC, ao ya usukani wa umeme, mara mingi inazimika bila kulipa mtu. Washa moteri, zungusha usukani polepole mpaka mwisho wa kushoto, kiisha mpaka mwisho wa kuume, rudisha katikati. Zima, washa tena. Ikiwa inabakia, toka na gari, uende mbele wima kwa sekunde kadhaa. Toyota mingi zinaomba mwendo wa karibu kilomita 35 kwa saa ao zaidi, ili kompyuta ijifunze tena katikati ya usukani ni wapi. (Najua mutaniuliza: Bukavu yetu hii, fasi ya kwenda wima iko wapi? Toka asubuhi mapema upande wa Kavumu.) Ikiwa moteri inatetemeka ao inazunguka juu sana kisha batri mupya, usiogope: iache iwake karibu dakika kumi, bila klima, bila kukanyaga gaz, itajipanga. Kioo chenye hakipandi tena chenyewe, kipandishe mpaka juu na uendelee kuvuta buto sekunde chache. Radio ya Kijapani, hiyo tena ni mateso: ingine inaomba kode, ingine inaomba kadi yake ya SD yenye ramani za Japani. Hakuna kitu kibaya kimetokea kwa gari. Utaendesha bila muziki, ni vile.

Taa ya manjano yenye picha ya moteri ni habari ingine. Hiyo usiizime mbele ya kuisoma. Chini ya tablo, upande wa shofere, kuna priz yenye matundu 16. Kiaparei kidogo cha ELM327 kinaingia pale, kinazungumza na telefone yako kwa Bluetooth, kinakupatia kode yenye kuanza na P. Gari zingine za soko la Japani hazikubali kila aparei, lakini jaribu. Andika kode kwa karatasi, kiisha njo ufute. Ikirudi kisha siku mbili, kosa ni la kweli na uko na jina lake mu mkono. Jua tena kwamba kwa Toyota mingi, moteri ikiwa na kosa, kompyuta inazima VSC na kuwasha taa yake pia. Hapo unaweza kuzungusha usukani mpaka kesho.

Taa ya erbagi, hapana kuichezea. Ile kitu inafunguka na mlipuko. Ukitaka kugusa waya zake, Toyota inaomba kutoa minus na kungojea sekunde 90 kwanza, juu ndani munabakia umeme wenye unatosha kuilipusha. ABS nayo, yenye inabakia kisha kutembea, mara mingi ni sensa ya gurudumu ao waya yake. Freni za kawaida ziko, lakini mvua ikinyesha na uko unashuka mlima na watu sita ndani, utaelewa kazi ya ile taa.

Kuna pia wauzaji. Wenyewe wanajua hii yote vizuri. Gari iko na taa ya moteri tangu mwaka uliopita. Asubuhi ya kukuonyesha, wanatoa minus dakika chache, wanarudisha, tablo inakuwa safi kama ya mupya. Ama wanatoa taa yenyewe, ama wanabandika kipande cheusi juu yake. Kwa hiyo ukienda kununua, tia kontakti bila kuwasha moteri na uhesabu: moteri, ABS, erbagi, batri, mafuta, zote zinapashwa kuwaka kwanza; ABS na erbagi zizimike zenyewe, na ya moteri, batri na mafuta zizimike ukiwasha moteri. Yenye haiwaki hata kidogo, uliza. Na ule ELM327, utakuonyesha vipimo vya ndani vyenye kompyuta inafanya yenyewe mu siku za kutembea. Ukikuta karibu vyote « haviko tayari », mtu amefuta kumbukumbu juzi ao leo. Saa ya tablo yenye inasoma usiku wakati jua linawaka, nayo inasema kitu.

Turudie RAV4 ya mwenzetu. VSC ilizimika mbele hatujafika hata kilomita mbili. Taa nyekundu ya batri ikabakia. Tukakamata multimetri. Batri yenye kujaa, moteri imezimwa, inapashwa kusoma karibu volti 12,6. Moteri ikiwaka, kati ya 13,7 na 14,7, juu alternateri iko inaijaza. Yetu, moteri inawaka, ilisoma 12,1. Batri ya zamani haikuwa na kosa kubwa: ilikuwa inalishwa njaa, na ile mupya ilikuwa imeanza njia ileile.

Tukafungua alternateri. Sharbo zilikuwa zimekwisha kabisa, zimebakia kama kipande cha msumari. Zikabadilishwa, multimetri ikapanda 14,2, na taa ikazimika yenyewe bila mtu kuprogramu kitu. Dola 80 zilirudi kwa mama mdogo.