Kiluwiluwi ni mwana wa nani?

Wahenga walinena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Lau wangekuwa nasi leo huku Kwale, yamkini wangeongeza kwamba kikuumacho ki mtungini mwako.

Nilikuwa mtoto wa miaka tisa hivi nilipoumwa na mdudu wa majini kwa mara ya kwanza. Nyuma ya minazi yetu, mwendo mfupi kutoka Msambweni, palikuwa na bwawa ambamo tulizoea kuoga baada ya kunywesha ng'ombe. Humo mliishi mdudu mdogo, hazidi mbegu ya tikiti maji, aliyeogelea chali huku miguu yake miwili mirefu ikipiga maji kama makasia. Nilimpenda, nikamkamata na kumfumbata kiganjani. Naye hakukawia. Alinichoma kwa mdomo wake uliochongoka, maumivu yakawa kama ya nyuki, nami nikakimbia nyumbani nikilia. Nyanya alinipaka mafuta ya nazi, akacheka, akaniambia, "Nyamaza, mume wangu. Anayeuma waziwazi mshukuru, maana amekuonya."

Ilinichukua miaka mingi kutambua uzito wa maneno yale. Mdudu yule niliyemlaani huuma anapojihami, na miongoni mwa vyakula vyake ni wana wa mbu. Kumbe alikuwa mlinzi wetu! Katika mabwawa ya aina ile ile, kichocho huingia mwilini kwa kupenya ngozi pasipo mtu kuhisi maumivu yoyote ya kumtisha, baada ya kulelewa ndani ya konokono wa majini. Basi tulimkimbia aliyetuuma, tukarudi kuoga na yule asiyeuma.

Msomaji atauliza: mwalimu wa isimu anatafuta nini katika mambo ya wadudu? Nitamjibu kwa kisa.

Miaka kadhaa iliyopita nilihudhuria baraza moja kijijini. Afisa aliyekuja kutoa mafunzo ya afya aliwahimiza watu wamwage maji yaliyotuama ili waangamize viluwiluwi. Mama mmoja mzee akanyanyua mkono, akauliza kwa upole, "Mwanangu, hao vyura wametukosea nini?" Watu wakaangua kicheko, afisa naye akacheka, kisha akaendelea na hotuba yake. Swali halikujibiwa.

Mimi sikucheka. Mama yule alikuwa na haki. Neno kiluwiluwi lina maana mbili: mwana wa chura na mwana wa mbu. Shuleni watoto wetu hukariri kwamba ng'ombe huzaa ndama na mtoto wa chura ni kiluwiluwi. Mwana wa mbu hawatajiwi katika orodha hiyo. Mtoto huyo akisikia redioni kwamba viluwiluwi huleta maradhi, ataangalia ndani ya pipa la maji, aone vijidudu vyembamba vikijipindapinda na kupanda juu kuvuta pumzi, na kwa kuwa havina kichwa kikubwa wala mkia wa yule anayemjua, atasema pipa ni salama. Baada ya wiki moja au mbili vijidudu vile vitakuwa vimeota mabawa.

Hata hao mbu wenyewe tumewaweka wote chini ya jina moja. Anofelesi, aletaye malaria, hupenda kutaga katika maji yasiyo machafu sana, na huuma usiku. Kuleksi hustawi katika maji machafu ya mitaro na vyoo, naye pia huuma usiku. Pamoja na Anofelesi hueneza matende, maradhi yaliyowatesa wazee wetu wa pwani kwa vizazi. Wa tatu ni Aedesi, mweusi mwenye madoadoa meupe miguuni, ambaye hutaga katika mitungi, mapipa, matairi makuukuu na hata vifuu vya nazi. Mayai yake hustahimili ukavu kwa miezi, yakingojea mvua. Huyu huuma mchana, na ndiye mwenye dengue na chikungunya.

Sisi watu wa pwani tuna kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi na mbata, yote hayo yakiwa ni tunda moja la mnazi katika umri wake mbalimbali. Watu wenye lugha iliyopambanua nazi kwa ustadi huo hawashindwi kupambanua mbu watatu. Hawajapewa majina tu.

Na kukosa jina kuna gharama. Mwanzoni mwa mwaka 2018, Mombasa ilipokuwa ikisumbuliwa na mlipuko wa chikungunya, dada yangu aishiye Ukunda alishikwa na homa kali na maumivu ya viungo hata akashindwa kukamua nazi. Katika zahanati moja aliambiwa ni malaria, akapewa dawa. Akarudi, akapewa tena. Alilonieleza kwa uchungu ni hili: "Mimi hulala ndani ya chandarua kila siku, ndugu yangu. Huyo mbu alipitia wapi?" Nilipokwenda kumjulia hali nilifunua pipa lake la maji lililokuwa mlangoni. Lilijaa viluwiluwi. Alipata nafuu, lakini vidole vyake vilimuuma kwa miezi mingi baadaye.

Chandarua ni kinga njema, na wala sisemi kiachwe. Ila dada yangu alikuwa amefundishwa kumwogopa mbu wa usiku, na hakuna aliyemwambia kwamba yuko wa mchana anayemfuga mwenyewe mlangoni pake.

Ajabu ni kwamba ulimwengu umeyaazima majina ya maradhi haya kutoka kwetu. Chikungunya ni neno la Kimakonde lenye maana ya kupinda au kukunjika, kwani mgonjwa huinama kwa maumivu. Maradhi yalipewa jina hilo baada ya mlipuko wa mwaka 1952 katika nchi ya Wamakonde, kusini mwa Tanganyika. Ama dengue, wapo wataalamu wanaoshikilia kwamba asili yake ni Kiswahili. Daktari James Christie, aliyefanya kazi Unguja katika karne ya 19, aliandika kwamba homa iliyozuka huko mwaka 1870 wenyeji waliiita kidingapepo. Wengine hudhani ilikuwa chikungunya. Vyovyote iwavyo, Watanzania hata leo huiita dengue kidingapopo. Yaani wazee wetu waliona, wakapambanua, wakataja. Sisi wenye vyeti ndio tunaotangaza kwa maneno ya mkanganyo.

Ninapendekeza mambo mawili. Kwanza, neno kiluwiluwi lisitumiwe pekee katika mafunzo ya afya. Lisemwe kiluwiluwi wa mbu, na watu waonyeshwe aliye hai ndani ya bilauri. Ama mwana wa chura, lipo neno ndubwi linalosinzia kamusini; waandishi wa vitabu vya shule waliamshe. Pili, Wizara ya Afya na serikali ya Kaunti ya Kwale ziwaite wazee wa Kidigo na Kiduruma pamoja na walimu wa lugha, ili mbu hawa watatu wapatiwe majina yatakayotamkika sokoni na msikitini, si maabarani pekee.

Nami nadaiwa. Mama yule wa barazani aliuliza swali la isimu mbele ya mwanaisimu, nami nikanyamaza. Makala haya ndiyo jibu lake: vyura hawajatukosea lolote, mama. Naomba ufunue mtungi.