Uvimbe baada ya upasuaji si lazima uwe maambukizi

MGONJWA aliyefanyiwa upasuaji jana, leo anaamka akiwa na homa kidogo. Ngozi kandokando ya mshono imevimba, ni nyekundu na ina joto. Ndugu wanaomuuguza huingiwa na hofu kuwa kidonda kimepata vijidudu, na baadhi yao hukimbilia duka la dawa kununua antibiotiki.

Hata hivyo, katika siku 2 au 3 za mwanzo, mara nyingi hiyo ni kazi ya mwili wenyewe. Celsus, mwandishi wa Kirumi wa karne ya kwanza, alikwisha kuzitaja dalili zake nne: wekundu, uvimbe, joto na maumivu.

Kisu kinapokata ngozi na nyama, seli zilizojeruhiwa hutoa kemikali za tahadhari. Mishipa midogo ya damu hutanuka na kuvujisha majimaji. Ndipo mahali hapo panapovimba. Chembe nyeupe za damu humiminika hapo, kundi la kwanza likifika ndani ya saa 24, ili kuua vijidudu na kusafisha mabaki.

Kemikali nyingine hufika kwenye ubongo, ambao hupandisha joto la mwili, na kwenye ini, ambalo hutengeneza kwa wingi protini iitwayo CRP. Kwa kawaida kiwango chake katika damu hufikia kilele siku ya 2 au ya 3, kisha hushuka.

Kwa hiyo, jambo la kuangalia ni mwelekeo. Dalili zinazopungua siku hadi siku huashiria kupona. Homa inayoanza au kupanda baada ya siku ya 3, maumivu yanayozidi, wekundu unaosambaa, usaha, harufu mbaya au mshono kuachia ni sababu ya kurudi hospitali mara moja. Anayehema kwa kasi au kuchanganyikiwa akimbizwe siku yoyote ile.

Hatari hiyo si ndogo. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2016 kuwa barani Afrika hadi asilimia 20 ya wanawake wanaojifungua kwa upasuaji hupata maambukizi ya kidonda. Mwongozo wake wa mwaka huo ulielekeza kuwa antibiotiki za kinga zitolewe kabla na wakati wa upasuaji, zisiendelezwe baadaye, kwani matumizi yasiyo ya lazima huzalisha bakteria sugu. Kidonda kikishapata maambukizi, daktari ndiye wa kuchagua dawa.