Chama Chetu cha Kuvua, na Habari za Sangara Mkubwa

Kila mwanafunzi wa zamani ajapo kututembelea hututazama mikono, akaona alama za mshipi, akauliza, "Chama cha kuvua kingalipo?" Kingalipo. Tu wanachama 23, twashuka ziwani Jumamosi mbili katika kila mwezi, tukajipanga juu ya mawe tangu saa kumi alasiri mpaka kengele ya sala ya jioni. Mianzi ni ile ile. Vijana wawili wana fimbo za kununua zenye gurudumu la kukunjia mshipi, lakini mpaka leo hawajawashinda wenye mianzi, jambo ambalo hatuchoki kuwakumbusha.

Walakini iko desturi moja ambayo ninyi wa zamani hamkuwa nayo, nayo ni rula. Nataka kuwaeleza kwa nini twapima samaki, na jinsi rula hiyo ilivyotugombanisha muhula uliopita.

Yafaa nianze mbali. Speke alipofika hapa Jinja tarehe 28 Julai 1862, mahali mto Naili utokapo ziwani, aliandika kwamba aliona samaki kwa maelfu wakiruka kupanda maporomoko, na wavuvi wa Kisoga na wa Kiganda wamesimama juu ya miamba na fimbo zao na ndoana. Basi mtu akituambia kwamba kuvua kwa fimbo ni mchezo wa Wazungu, sisi humpa habari hiyo. Maporomoko yenyewe, yaliyoitwa Ripon, hayaonekani tena. Yalitoweka bwawa la Owen Falls lilipokwisha kujengwa mwaka 1954.

Samaki aliyesifiwa na wenye fimbo siku hizo ni kisinja, mwenye magamba makubwa na nguvu za kushindana na mkondo. Watu wa nchi hii walikula zaidi ngege, na mmamba (si mamba mla watu; ni yule samaki ajifukiaye matopeni ambaye majirani zetu wa Kenya humwita kamongo), na nkejje, vile visamaki vidogo ambavyo nyanya zetu huvikausha kwa moshi na kuwapa watoto. Wataalamu wasema aina za nkejje zilikuwa zaidi ya 500 katika ziwa hili moja. Sisi twaziita zote kwa jina moja.

Sangara hakuwamo. Kwake ni Ziwa Albert, na Naili chini ya maporomoko ya Murchison, ambayo hakuweza kuyapanda. Katika miaka ya 1950 wakubwa wa serikali ya kikoloni walikuwa na mawazo mawili: kwamba sangara angewala nkejje, ambao wao waliwaona hawana thamani, akawageuza kuwa nyama nzuri, na kwamba angewapa wavuaji wa mchezo samaki mkubwa wa kupigana naye. Nawaomba mlishike hilo la pili, maana latuhusu sisi wenye fimbo. Si wote waliokubali. Mwaka 1960 mtaalamu Geoffrey Fryer aliandika akionya kwamba haifai kumtia. Lakini mwaka ule ule sangara alikuwa amekwisha kuvuliwa katika Ziwa Victoria, na mwaka 1962 na 1963 wengine wakatiwa makusudi huko Entebbe na Kisumu.

Kwa miaka mingi hapakuonekana jambo kubwa. Kisha katika miaka ya 1980 sangara wakajaa, na nkejje wakaisha mahali pengi. Yakisiwa kwamba aina kama 200 zimepotea kabisa. Viwanda vikajengwa, minofu ikapelekwa Ulaya, watu wengi wakapata kazi na fedha. Katika darasa letu wako watatu ambao karo zao zatoka kwa sangara. Kwa hiyo sisemi kwamba waliomleta walifanya ubaya mtupu. Nasema tu kwamba hawakuwauliza waliokula nkejje.

Sasa sangara naye amepungua, kwa kuwa anavuliwa mno, na hapa ndipo rula iingiapo. Sheria ya Uganda yataka sangara asipungue sentimita 50, na ngege asipungue 28. Kila mwanachama amechonga alama hizo mbili juu ya mwanzi wake. Samaki mfupi hurudishwa, na kurudisha kuna kanuni zake. Lowesha mikono kwanza, kwa sababu mkono mkavu huondoa ute unaomkinga samaki na magonjwa. Kijino cha ndoana kibanwe kwa koleo kabla ya kuvua, ili ndoana itoke upesi. Wala usimtie vidole katika matamvua. Samaki avutwaye haraka kutoka kilindini ni shida nyingine: kibofu chake cha hewa hufutuka, na hata ukimwachilia huelea ubavu, asiweze kuzama, mwisho akaliwa na ndege. Ndiyo sababu twavua karibu na mawe tu. (Sababu nyingine ni kwamba Padre mlezi wetu hataki tupande mitumbwi, naye ndiye mwenye ufunguo wa stoo ya mishipi. Hata kuingia majini mpaka magotini haturuhusiwi, kwa ajili ya kichocho.)

Wavuvi wa mitumbwi hutucheka. Siku moja mzee mmoja alitutazama tukimrudisha sangara wa sentimita 46, akasema, "Wanangu, ninyi mmeshiba." Nahodha wetu akamweleza kwa heshima habari za sheria. Mzee akasema aijua sana. Nyavu zake zilichomwa moto mwaka juzi kwa sababu ya matundu madogo, naye angali akilipa deni alilozinunulia. Hatukuwa na la kumjibu. Sisi tukirudi mikono mitupu twakuta posho na maharagwe mezani.

Ugomvi wenyewe niliuanzisha mimi, bila kukusudia, nilipopata sangara wa sentimita 91. Chambo kilikuwa nkejje mzima. Alinishika kwa muda wa robo saa, na mizani ya jikoni ilisema kilo 9 na nusu. Hakuna aliyefikiri kumrudisha. Tulimbeba kwa mwanzi mabegani tukiimba njia nzima. Mzee mpishi alipompasua, alitoa mifuko miwili ya mayai iliyojaza sinia. Akaniita, "Mwanangu, njoo uone ulichovua."

Mwalimu wa biolojia alitueleza kwamba dume la sangara hukomaa mapema, lakini jike hukawia mpaka awe mkubwa zaidi, wengi wao wakiwa wamepita sana zile sentimita 50. Tena sangara wakubwa kabisa karibu wote ni majike, na mmoja hutaga mayai kwa mamilioni. Basi alama yetu ilikuwa ikituambia tuwarudishe watoto tukawaue mama.

Mwanachama mmoja akaleta hoja tuchonge alama ya tatu, ya sentimita 85, na kila sangara aipitaye arudishwe. Mkutano ulikuwa mkali. Wengine walisema samaki mmoja kama wangu hulisha meza nyingi. Wengine wakauliza, kombe la samaki mkubwa atapewaje mtu ambaye samaki wake yuko ziwani? Mmoja alisema kwamba jike mmoja wa ndoana si kitu mbele ya nyavu za ziwa zima. Hoja hiyo ina nguvu, nami niliipenda kuliko zote, maana ilinitoa hatiani. Kura zilikuwa 12 kwa 10, mmoja alikuwa mgonjwa. Niliunga mkono alama ya tatu, ijapokuwa wangu nilikuwa nimekwisha kumla.

Tangu siku ile hakuna aliyepata sangara wa kuipita alama, kwa hiyo hatujui kama tutatimiza. Kombe litashindaniwa mwezi wa Desemba. Samaki atapimwa majini mbele ya mashahidi wawili. Ninyi wa zamani mtakaokuja, leteni mianzi yenu tuichonge kwanza. Mzee mpishi asema maharagwe yatakuwa tayari.