Jina Moja, Karatasi Tatu: Amana ya Kujaza Fomu kwa Kompyuta

Eda ya miezi minne na siku kumi ilipokwisha, mama yetu mdogo alilifungua sanduku la bati alilokuwa akihifadhia nyaraka za marehemu mumewe. Alizipanga juu ya mkeka, akazifunga kwa kitambaa, kisha akaenda nazo katika ofisi iliyokuwa na haki ya marehemu. Alirudi adhuhuri akiwa kimya. Tulipomuuliza kulikoni, alijibu: “Wanangu, marehemu alikuwa mmoja, lakini karatasi zinasema walikuwa watatu.”

Tulipozikagua, tuliona alichokiona karani. Cheti cha ndoa, kilichoandikwa kwa mkono, kilisema Mohamed. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto vilisema Muhammad. Fomu ya mafao, iliyojazwa kwa kompyuta katika duka la steshenari, ilisema Mohammed, na jina la babu lilikuwa limeanguka nje ya mstari wake hata likasomeka kama jina la shahidi. Hapakuwa na mwizi wala mwongo katika jambo hili. Palikuwa na waandishi watatu, kila mmoja akiandika kwa namna aliyoizoea, na hapana hata mmoja aliyemsomea mwenye jina kabla ya kumaliza.

Jambo hili si geni kwa familia zetu. Majina yetu mengi yana asili ya Kiarabu na huandikwa kwa herufi za Kilatini kwa namna nyingi: Said na Saidi, Aisha na Asha, Yusuf na Yusufu. Msikitini tofauti hiyo haina uzito. Mbele ya karani wa mirathi, wa pasi ya kusafiria au wa safari ya Hijja, herufi moja yaweza kumsimamisha mtu mlangoni.

Amana ya mwandishi

Waislamu hatuna udhuru wa kulipuuza jambo la uandishi. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur’ani, yaani aya ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika madeni: inamtaka mwandishi aandike kwa uadilifu, inataka mwenye deni ndiye aimlishe, na inataka mashahidi wawepo. Ikiwa deni la muda limepewa hadhi hiyo, seuze ndoa, nasaba na mirathi? Kijana wa steshenari aliyeketi mbele ya kompyuta ni mwandishi pia, na amana iliyo juu yake ni ile ile.

Fomu nyingi tunazozitumia hutoka kiwandani zikiwa zimekwisha kupigwa chapa: zina mistari, visanduku, nembo, na mara nyingi nambari ya mfululizo. Kazi ya mwandishi ni kuziba mapengo tu. Zamani kazi hiyo ilifanywa kwa kalamu au kwa taipureta, ambapo mpiga taipu aliisogeza karatasi kwa mkono mpaka mstari ukae sawa. Kompyuta haina jicho la kuuona mstari. Hupeleka maandishi pale ilipoambiwa, hata kama hapo pana picha ya nembo. Kwa hiyo ni lazima ipimiwe kwanza.

Namna ya kupima

Tuliijifunza kazi hii nyumbani, baada ya kuharibu fomu kadhaa, na tunaieleza kwa faida ya wasomaji.

Kwanza, chukua rula. Pima kwa milimita kutoka ukingo wa juu na ukingo wa kushoto wa karatasi hadi mwanzo wa kila pengo. Kisha fungua programu ya kuandikia, kama vile LibreOffice Writer ambayo haiuzwi, na uuweke ukurasa uwe na kipimo kile kile cha fomu. Karatasi ya A4 ni milimita 210 kwa 297. Weka kisanduku cha maandishi kisicho na mistari mahali pa kila pengo.

Mwenye skana aweza kupiga picha ya fomu na kuiweka nyuma ya maandishi ili imwongoze. Picha hiyo iondolewe kabla ya kuchapa, kwa kuwa kinachotakiwa kutoka ni maandishi tu. Atakayeichapa nembo ya ofisi juu ya karatasi tupu na kuipeleka kama fomu halali atakuwa ametoka katika kuandika na kuingia katika kughushi.

Pili, usianze na fomu yenyewe. Chapa kwenye karatasi ya kawaida, iweke juu ya fomu, kisha uzinyanyue zote mbili dirishani mwangani. Kama maandishi yamekaa milimita 3 chini ya mstari, yapandishe yote milimita 3, ujaribu tena.

Tatu, angalia mpangilio wa printa. Programu nyingi zina kawaida ya kuubana ukurasa ili uenee ndani ya pambizo. Chagua ukubwa halisi, yaani asilimia 100. Ukurasa wa A4 ukipunguzwa kwa asilimia 3 tu, urefu wake hupungua kwa takribani milimita 9. Hiyo yatosha kulidondosha jina la walii kwenye mstari wa shahidi.

Fomu zenye nakala za kaboni zina sharti lake. Printa za wino na za leza haziigongi karatasi, hivyo nakala za chini hubaki tupu. Hizo zinahitaji printa ya zamani ya kugonga kwa sindano, au kalamu yenye mkono mzito.

Madrasa yenye vyeti vingi vya wahitimu yaweza kuandika majina katika jedwali mara moja, kisha programu ikayapeleka kwenye vyeti kimoja baada ya kingine. Ni wepesi mkubwa, lakini wepesi huo hubeba makosa pia: safu moja ikikosewa, kila mtoto hupewa alama za mwenzake. Mwalimu na ayasome majina yote mbele ya wazazi kabla ya cheti cha kwanza kutoka.

Kinachobaki nyuma

Kuna hatari nyingine isiyoonekana. Fomu ya mama yetu mdogo ilikosewa kwa sababu kijana wa duka alifungua faili ya mteja aliyetangulia, akafuta jina na kuandika jingine juu yake. Maana yake ni kwamba taarifa za mteja yule zilikuwa zimebaki humo: nambari ya kitambulisho, simu, majina ya watoto. Na za kwetu zilibaki kwa atakayefuata. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kenya ina yake ya mwaka 2019. Mteja ana haki ya kusema kwa heshima: “Mwanangu, nifutie faili hiyo kabla sijaondoka.”

Kwetu sisi, tumeweka daftari. Ukurasa wa kwanza una jina la kila mtu wa nyumba kama lilivyo katika cheti chake cha kuzaliwa, herufi kwa herufi. Yeyote aendaye kujaza fomu huenda nalo. Kabla ya kuchapa, husoma kwa sauti kilichoandikwa, na mwenye jina husikiliza. Sahihi na kidole gumba havipigwi mpaka kusomwa kuishe.

Mama yetu mdogo alikwenda kwa wakili na kuapa kwamba majina yale matatu ni ya mtu mmoja. Hati ya kiapo ilikubaliwa, na haki ya mayatima ikatoka, alhamdulillah. Lakini ilitoka baada ya nauli nyingi na miezi ya kusubiri, kwa mwanamke aliyekuwa bado na majonzi. Siku aliyorudi na jibu, alilifungua tena sanduku la bati, akaiweka hati ile juu ya nyaraka nyingine zote, kisha akaliomba daftari aone jina lake mwenyewe limeandikwaje.