Wageni wa Pwani ya Chukwani

Kila mwaka, kuanzia Agosti na Septemba, pwani ya Chukwani hupata wageni wasioshukia uwanja wa ndege ulio jirani, wala hawana pasi. Ni ndege wa pwani watokao Urusi na nchi nyingine za kaskazini. Wengi wetu huwapita bila ya kuwatazama; kwa hiyo nimeona yafaa kueleza habari zao.

Huko kaskazini kuna misitu mikubwa yenye vinamasi, na mbele ya misitu hiyo kuna nchi tupu isiyoota miti. Wakati wa joto mchana huwa mrefu mno, na mbu na wadudu wengine huwa tele. Hapo ndipo ndege hawa hutaga na kulea makinda. Lakini kipupwe kikikaribia wadudu hutoweka, na vinamasi huganda vikawa vigumu kama jiwe. Ndege atafutaye chakula kwa kuchoma mdomo topeni atakula nini? Hana budi kusafiri.

Huenda msomaji akauliza, kwa nini waje kwetu? Sababu ni kupwa na kujaa kwa maji. Wakati wa bamvua bahari yetu hupanda na kushuka kadiri ya mita 4. Ikishuka huacha wazi mchanga na tope lenye kaa, minyoo na kombe wadogo. Karamu hiyo huandaliwa mara mbili kila siku, usiku na mchana.

Aliye rahisi kumjua ni sululu, mwenye mdomo mrefu uliopinda chini, apigaye mbinja za haraka kama saba hivi. Yuko kitwitwi mmoja mdogo azaliwaye Siberia. Kwetu huwa wa kijivu, lakini Aprili ikikaribia kifua chake hugeuka chekundu. Yuko pia ndege mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene wa kuvunjia kaa. Huyu hatoki kwenye barafu, bali pwani za Uarabuni na Somalia. Huchimba shimo mchangani na kutaga yai moja tu.

Atakaye kuwatazama na aende asubuhi, maji yakiwa yanajaa. Maji huwasukuma ndege karibu na nchi kavu, na jua huwa mgongoni mwa mtazamaji. Akae kimya, aandike umbo la mdomo, rangi ya miguu na sauti.

Lililonishangaza zaidi ni hili: kwa wengi wao wazazi huondoka kwanza, na watoto hufuata baadaye peke yao, katika njia wasiyoipita kabla. Mwaka 2022 ndege mmoja wa jamaa za sululu, mwenye umri wa miezi 5 hivi, aliruka kutoka Alaska mpaka kisiwa cha Tasmania, Australia, kilomita 13,560 kwa siku 11 bila ya kutua. Alijulikana kwa chombo kidogo alichofungwa, kilichopeleka habari zake kwa setilaiti. Nami nilipoletwa dakhalia nililia siku tatu, na kwetu ni Makunduchi tu!

Basi safari kama hizo zahitaji akiba. Kabla ya kuondoka ndege hula mpaka akanenepa sana, na mafuta hayo ndiyo petroli yake. Kila anapofukuzwa huchoma akiba hiyo, na muda wake wa kula hupungua, maana maji hayamngojei. Nilipokuwa Kidato cha Kwanza niliwarushia mawe kwa mchezo tu, nikafurahi kuona kundi zima likiruka. Sikujua kwamba nilikuwa nikiwapokonya chakula cha njiani.

Tena mawe si hatari kubwa kuliko zote. Mikoko ikikatwa na pwani ikifukiwa kifusi, mgeni aliyetoka mbali hivyo atakuta mlango umefungwa, wala hana nguvu za kutafuta nyumba nyingine.

Novemba, Inshaallah, nitamaliza mtihani na kurudi kwetu. Wageni hawa watabaki Chukwani mpaka Aprili. Ndugu zangu wa vidato vya chini, nawaacha mikononi mwenu. Watazameni, wahesabuni, na mawe yaacheni chini.