Moyo Ulioshonwa Bado Wataka Kuangaliwa

Nilipasuliwa moyo Nairobi nikiwa na miaka sita. Niliporudi Likoni, majirani walikuja kumpa mamangu hongera, na tangu siku hiyo ikajulikana kuwa nimepona. Kliniki ya watoto nilihudhuria miaka kadhaa, kisha nikaacha. Nabeba maji, nafanya kazi. Daktari wa nini?

Nilipokuwa mtu mzima nikaanza kuhema kila nikipanda mlima wa feri. Nilidhani ni unene. Kumbe vali ya moyo ilikuwa yavuja.

Katika kila watoto 100 wanaozaliwa duniani, karibu mmoja huwa na kasoro ya moyo. Yangu yaitwa tetralojia ya Fallot: tundu kati ya vyumba viwili vya chini vya moyo, na njia ya damu iendayo mapafuni imebana. Ndiyo sababu nilipokuwa mtoto midomo ilikuwa ikigeuka buluu nikilia. Upasuaji wa kwanza wa kurekebisha kasoro hii ulifanyika Marekani mwaka 1954. Daktari huziba tundu na kupanua njia. Lakini kule kupanua mara nyingi huiacha vali ikivuja. Damu hurudi nyuma, chumba cha kulia hutanuka pole pole, na mwenyewe huenda asihisi kitu kwa miaka mingi. Wengine mapigo huenda mrama. Wengine hulazimika kuwekewa vali mpya ukubwani.

Kwa hivyo, ndugu yangu mwenye kovu kifuani, usingoje kuhema. Omba barua ya rufaa kwa daktari wa moyo, upigwe picha ya eko, naye atakwambia urudi baada ya muda gani. Mwambie daktari wa meno habari ya moyo wako kabla hajang'oa jino, kwani vijidudu vya kinywani vyaweza kuingia kwenye damu na kushambulia moyo. Dada, zungumza na daktari kabla ya kushika mimba. Baadhi ya dawa za moyo humdhuru mtoto tumboni. Na karatasi za upasuaji zisipotee.

Najua safari yachosha. Hospitali ya Rufaa ya Pwani iko kisiwani: sisi wa Likoni twavuka maji, wa Kisauni daraja la Nyali, wa Changamwe Makupa. Nauli na kibarua cha siku vyaenda. Lakini vali inayovuja ikigunduliwa mapema, hutengenezwa moyo ungali na nguvu. Mimi nilichelewa. Wewe usichelewe.